Nyayo za Jogoo wa Kioo

Mimi ni mwoga, nalisema mapema ili mtu asinitafute kwenye ushujaa. Lakini siku ile hata dada yangu, ambaye sijapata kumwona akikimbia kitu chochote isipokuwa wageni wa ghafla, alitetemeka mpaka miwani ikamdondoka.

Dada yangu wanamwita Ulimi. Asiyemjua hudhani ni msengenyaji. Sisemi kwamba hasengenyi, ila jina hilo limetokana na kazi. Ananunua, anauza na kutambua sanamu ndogo za kioo: ndege, mbwa, samaki, farasi wasiozidi urefu wa kidole, zote zimepakwa enameli, ile rangi inayochomwa motoni mpaka ikashikana na kioo. Watu humletea kutoka mbali wakiuliza, "Hii ya fundi gani? Ya lini?" Yeye huigeuza, huimulika nyayo kwa lenzi, kisha huilamba. Ndiyo, huilamba. Mate huonyesha ufa usioonekana kwa jicho, na ulimi wake hutofautisha rangi iliyochomwa na ile iliyobandikwa juujuu na mjanja wa juzi. Nilimuuliza mara nyingi, kazi gani hii ya kulamba vitu vya watu? Akanijibu kwamba hata mimi nalamba sahani, tena za kwake.

Kazi anaifanyia nyumbani, mezani chini ya dirisha la chumba cha mbele. Anaishi na mwanawe, mke wa mwanawe, na mjukuu wa kike tunayemwita Kidoti, mtoto mdogo anayeiga kila anachokiona. Rafu za juu ni za sanamu za zamani. Za chini ni za miaka ya karibuni, na hizo Kidoti aliruhusiwa kuzishika. Mkwe hakupenda kabisa. Dada alimtuliza, "Mwanangu, hizo za chini ni vichezeo tu. Mwache mtoto."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita kunywa chai. Mkwe alipiga yowe chumba cha mbele, kikombe kikanitoka mkononi. Kidoti alikuwa amekaa chini ya meza, ameshika jogoo wa kioo, anamlamba huku amefumba macho nusu, kama bibi yake hasa. Alikuwa ameshatapika. Kishungi chekundu cha jogoo kilikuwa kimemenyuka, na vipande vyake havikuwa sakafuni.

Sikumbuki tulifikaje hospitali. Nakumbuka mkwe akirudia jina la mtoto njia nzima. Mpwa wangu, baba wa Kidoti, alikuwa safarini kikazi, na hakuna aliyethubutu kumpigia simu.

Daktari alitazama picha ya tumbo kwa muda mrefu. "Vipande ninaviona," alisema. "Nisichojua ni rangi ya aina gani. Kama ina madini ya risasi, lazima tusafishe tumbo sasa hivi, kwa mrija wa kupitia puani. Ni mateso kwa mtoto wa umri huu, siwezi kuyafanya kwa kubahatisha. Kama haina, vitatoka vyenyewe. Damu tumeshachukua lakini majibu ni kesho. Kuna anayejua kitu hiki kilitengenezwa lini?"

Wote tukamgeukia dada.

Nilikuwa nimeisikia habari ya jogoo wale hadi nikachoka nayo. Walitengenezwa na mafundi wawili, baba na mwanawe, katika karakana moja. Baba alitumia nyekundu yenye risasi, kama mafundi wengi wa enzi yake. Mwana aliiacha. Vinginevyo jogoo ni walewale, mkao uleule, jicho lilelile. Dada aliwatenganisha kwa nyayo: jogoo wa zamani amesimama kwenye rafu za watu miaka na miaka, kwa hiyo nyayo zake zimekwaruzika. Huyu nyayo zake zilikuwa safi. Ndiyo maana alimweka rafu ya chini.

"Nyayo si ni safi?" niliropoka. "Basi ni wa mwana! Dada, mwambie daktari ni wa mwana!" Nilitaka awe wa mwana kwa roho yangu yote.

Dada alimtoa jogoo kwenye mfuko. Hapo ndipo miwani ilipoanguka, nikamwokotea. Alimgeuza, na kwa mazoea tu akamwinua kuelekea mdomoni.

"Mama!" mkwe alifoka.

Akamshusha. Akatoa lenzi yake, akachungulia katikati ya vidole vya jogoo. Alikaa hivyo mpaka nikatamani kumpokonya.

"Gundi," alisema.

"Gundi gani?" nikauliza.

"Aligandishwa kwenye kibao. Nyayo zake hazijawahi kugusa rafu. Nilitazama chini ya mguu, sikutazama katikati ya vidole."

Kwa hiyo nyayo hazikuwa na la kutuambia. Akisema ni wa mwana, mtoto angeachwa alale kwa amani na yeye angebaki bibi mwema. Akahamisha lenzi hadi kwenye kishungi, pale kilipomenyuka.

"Mwana alipaka mara moja," alisema polepole. "Baba alipaka na kuchoma mara mbili. Hapa naona matabaka mawili." Akamtazama daktari, si mkwe. "Ni wa baba. Ana risasi. Na mimi ndiye niliyempa mtoto. Msafisheni."

Walimchukua Kidoti, mlango ukafungwa, tukakaa kwenye benchi tukisikiliza kilio chake. Niliziba masikio. Dada hakuziba yake.

Kesho yake majibu yalirudi: risasi ilikuwamo kwenye damu, lakini kidogo, na vipande vilikuwa vimeshatoka. "Mmemuwahi," alisema daktari. Nililia mbele za watu. Kisha akauliza, "Huyu mtoto amejifunza wapi kulamba?"

"Kwangu," dada akajibu.

"Na wewe umelamba kwa muda gani, mama?"

"Tangu baba yake hajazaliwa."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamuuliza kama tumbo humsokota. Kama vidole hufa ganzi. Kama husahau mambo. Dada aliitikia yote, akajaribu kucheka. "Si uzee huo, daktari?"

Daktari hakucheka. Alimwita nesi, nesi akaja na sindano ya kutoa damu, na dada yangu akaukumbatia mkono wake kifuani kama anayetaka kuuficha. Mimi niliganda ukutani, sikuwa na faida kwa yeyote.

Mkwe, ambaye hakuwa amemsemesha tangu jana, alisimama. Akanipa Kidoti aliyelala, akaketi kando ya mama mkwe wake, akamkunjua mkono taratibu na kumpandisha mkono wa gauni.

"Tazama huku kwangu, mama," alisema. "Nimekushika."