Sauti ya Dada wa Maganga

Mektilda hakwenda kwenye banda la video kutafuta kazi. Alikuwa anauza uji na vitumbua mlangoni pake, kwenye machimbo yaliyoota kandokando ya mlima upande wa Geita, mahali ambapo zamani palikuwa mashamba ya mihogo. Mumewe, Luka, alishuka duarani kila asubuhi. Duara ndilo jina la shimo la dhahabu kule. Yeye alibaki juu na sufuria yake na mtoto wao, Rosemary. Wote wawili walikuwa watu wa Ushirombo, wana wa wakulima, Wakatoliki. Kanisani kwao Mektilda alisoma masomo ya Jumapili, na akisoma yeye, hata aliyekaa nje chini ya dirisha alisikia kila neno.

Ndani ya banda alikaa Nkwabi, Msukuma mnene mwenye koti la suti hata wakati wa jua kali. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za nje papo hapo, kipaza sauti mkononi, akiigiza kila mtu kuanzia polisi hadi mtoto mchanga. Wahusika aliwapa majina ya kwao. Filamu iliyojaza banda kuliko zote ilikuwa ya kijana ambaye moto haumuunguzi, na huyo akamwita Maganga. Maganga alikuwa na dada, nesi, aliyemtibu majeraha na kumgombeza. Huyo akamwita Kabula.

Shida ilikuwa sauti. Kabula wa Nkwabi alilia kama mbuzi, na wachimbaji walicheka pale palipotakiwa kunyamaza. Siku moja Kabula alikuwa anamuaga kaka yake kwenye skrini, banda zima linacheka, na Mektilda akashindwa kuvumilia. Akiwa palepale mlangoni, mwiko mkononi, akayasema maneno yale kwa sauti yake ya kanisani, taratibu: "Nenda kaka. Ila ukifa, mimi sitakuzika. Nitakaa hapa nikungoje mpaka uchoke kuwa maiti."

Kicheko kikakatika. Nkwabi akageuka.

"Mayu," akamwambia, kwa namna Wasukuma wanavyomheshimu mama, "ingia ndani. Acha uji."

Tangu hapo wakawa wawili. Nkwabi alibeba wanaume na milipuko, Mektilda akabeba wanawake wote, lakini aliyependwa alikuwa Kabula. Wanaume waliotoka shimoni na vumbi masikioni walimpita sokoni wakamwita, "Shikamoo dada wa Maganga," na Luka akiwa karibu alicheka akasema, "Shemeji zangu wamekuwa wengi." Alikuwa mtu wa maneno machache, Luka. Jioni aliketi kwenye benchi la nyuma, akasikiliza, akaondoka kabla ya watu wengine ili akamwashie mkewe jiko.

Kisha filamu zile zikaharibika. Ile ya mwisho ilijaza watu kama msiba wa tajiri: mjomba huyu, rafiki yule, mashujaa wengine watano waliotokea kusikojulikana, kila mmoja ana neno la kusema. Nkwabi alikosa pumzi. Watu walitoka wakiuliza nani alikuwa adui wa nani. Haukupita muda, habari zikaja kwamba kampuni ya huko ng'ambo imeamua kuanza upya. Maganga yuleyule, moto uleule, lakini mwigizaji mwingine, na hadithi inarudi mwanzo kana kwamba zile za kwanza hazikuwahi kuwepo.

Filamu mpya ilipofika, Nkwabi na Mektilda waliitazama peke yao kwanza, ili wajue cha kusema. Wakaifikisha mwisho. Kabula hakuwemo.

"Yuko wapi?" Mektilda akauliza.

"Atakuja. Nimesoma kwamba watamleta kwenye ya tatu."

"Ya tatu? Na hizi mbili Maganga anaishi na nani?"

"Peke yake. Ndiyo wanavyotaka safari hii." Nkwabi alivua koti, jambo alilolifanya akitaka kueleza kitu. "Sikiliza, Mama Rosemary. Ile ya zamani walikosea. Walimrundikia watu mapema, shujaa akapotea katikati ya ndugu. Sasa wanataka kwanza tumjue yeye. Tumwone hana mtu. Ndugu wakija baadaye, watu wanakuwa na kiu nao."

"Mtu asiye na wa kumuuliza umekula, mimi simjui hata nimwangalie mwaka mzima. Anapigwa, anaanguka, sawa. Nani anaumia?" Akaongeza: "Halafu huyo dada akija kwenye ya tatu, watu watauliza alikuwa wapi siku zote nduguye akipigwa. Atakuwa mgeni. Ndugu hawezi kuja kama mgeni."

"Akija mwanzoni wakati hakuna shida, anakuja kufanya nini? Kupika?"

"Kujulikana tu. Ili siku ya shida asijieleze." Akamwomba kitu kimoja. Kulikuwa na mahali Maganga anaongea kwa simu, na anayemjibu hasikiki. Waweke sauti pale. Kabula ampigie kaka yake, amwulize amelala wapi, basi. Watu wajue yupo.

Nkwabi alikataa. Alisema yeye hutafsiri, hatungi, ingawa kila mtu alijua alikuwa anatunga nusu ya anayoyasema. Ukweli ni kwamba wamiliki wa mabanda mengine walikuwa wameanza kuonyesha filamu bila mtafsiri yeyote, na hakuweza kumlipa mtu wa pili kwa sauti ya simu moja. Hilo hakulisema. Mektilda alilielewa, akafunga kanga yake, akatoka.

Kwenye mabenchi wachimbaji walinung'unika wiki kadhaa, wakimtafuta Kabula. Wengine walisema heri hivi, Maganga mpya ni mwanaume kweli, habembelezwi. Baadaye wakazoea. Uji nao ulikuwa umeshapata wauzaji wengine mlangoni, kwa hiyo Mektilda alikwenda kuponda mawe. Kina mama wa machimbo huketi chini ya turubai, kila mmoja na nyundo yake, wakivunja vipande vya mwamba viwe kokoto kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Turubai lake lilikuwa karibu na duara la Mzee Mabula, ambamo Luka alifanya kazi. Akiinua kichwa, aliona mdomo wa shimo na kamba ikishuka.

Filamu ya pili ilikuja na kupita. Kabula hakuwemo.

Mvua za mwaka ule zilinyesha vibaya, mfululizo, na matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo, yakalegea. Asubuhi moja kina mama waliona vijana wa Mabula wanakimbia. Mektilda alisimama, akauliza kuna nini. Msimamizi akamwambia pampu ya maji imezama, warudi kwenye mawe yao. Akakaa. Aliponda mawe siku nzima. Aliona wanaume wa duara lile wakibadilishana kushuka, wamekaza nyuso, hawaimbi. Alidhani wana hasira ya pampu. Jua lilipokuwa linazama, Mzee Mabula mwenyewe alimjia, amevua kofia, na mke wake pembeni.

"Mama Rosemary," alisema, "pole. Ardhi imemchukua mwenzetu. Imemchukua mara moja, hakusikia lolote."

Mabula alitoa jeneza na gari la kumpeleka marehemu Ushirombo. Pale kaburini, mbele ya wakwe na padri, Mektilda alimshukuru kwa mikono miwili, amepiga magoti. Alimwambia Mungu atamlipa.

Baada ya arobaini alirudi machimboni, kwa kuwa mtoto alikuwa anasoma huko na kwa wakwe chakula kilikuwa cha kupimiana. Aliponda mawe. Watu walisema amekuwa kama bubu. Hata salamu aliijibu kwa kichwa. Rosemary alijifunza kumsoma mama yake usoni.

Ndipo filamu ya tatu ikafika, na Nkwabi akaja hadi chini ya turubai, koti mkononi. Alikaa juu ya jiwe.

"Amekuja," alisema.

Mektilda aliendelea kugonga.

"Mayu, nilijaribu mwenyewe jana. Imekuwa mbuzi tena." Akangoja. "Sikulazimishi. Anakuja nyumbani kwao, kuna msiba. Baba yao amekufa. Nakwambia mapema, usije ukakutana na jambo hilo kwenye kipaza sauti."

Alikubali. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema alichoka kukaa na sauti ya nyundo.

Jumapili mchana banda lilijaa hadi watu wakasimama. Mzee Mabula alikuwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kwa kuwa kiwanja lilipojengwa banda kilikuwa chake. Nyuma walikaa wachimbaji wake, pamoja na Mageni, mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuwa akishuka kamba moja na Luka na aliyelibeba jeneza lake begani. Nkwabi aliendesha sehemu ya kwanza peke yake. Kisha mlango ukafunguka kwenye skrini, mwanamke mwenye begi akaingia kwenye nyumba yenye watu walioketi chini, na banda likaguna. Walimtambua kabla hajasema lolote. Nkwabi akasogeza kipaza sauti.

Kabula alitazama nyuso za waombolezaji, moja baada ya nyingine.

"Nani alikuwa naye?" Mektilda akasema.

Ndilo lilikuwa neno la filamu, hakuongeza kitu. Lakini alilisema kama alivyokuwa akisoma Ushirombo, taratibu, na baada ya hapo hakuweza kuendelea. Kwenye skrini mdomo wa yule mwanamke ulisogea bila sauti. Nkwabi alitakiwa kumjibu kama Maganga. Kabla hajafungua mdomo, mtu wa nyuma alijibu.

"Nilikuwa mimi, Mama Rosemary."

Mageni alikuwa amesimama. Watu waligeuka. Nkwabi alizima sauti ya televisheni, picha ikabaki inacheza.

"Keti, wewe," Mabula alisema bila kugeuka.

Mageni hakuketi. Wala hakupaza sauti. Aliongea akiangalia viatu vyake. "Hakufa mara moja. Ukuta ulimfungia ndani. Tulimsikia anagonga. Tulisema tuite watu wa maduara mengine, tukichimba wote tutamfikia. Tukaambiwa tusiite mtu, serikali ikisikia itafunga eneo. Tukachimba sisi wachache. Aligonga mpaka jua likageuka. Baadaye akaacha."

"Na mimi nilikuwa pale," Mektilda alisema. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na maneno yakatoka kwenye spika. "Nilikuwa naponda mawe. Mlikuwa mnaniona."

"Tulikuwa tunakuona."

Mabula akainuka, akasema huyu amelewa, akatoka. Hakuna aliyempisha haraka, na hakuna aliyemzuia. Filamu ilikwisha yenyewe, kimya, watu wakiitazama kwa sababu hawakujua watazame wapi.

Kesho yake Mektilda na Mageni walikwenda polisi. Maelezo yaliandikwa. Mabula aliitwa, akahojiwa, akarudi nyumbani. Duara lilifungwa kwa amri, mvua zikapita, na kiangazi kilipoingia likafunguliwa kwa jina la shemeji yake. Shahidi wa pili aliyehitajika hakupatikana. Kila aliyekuwa duarani siku ile alikuwa na watoto wa kulisha. Nkwabi aliambiwa aondoe banda kwenye kiwanja. Mageni hakupata tena duara la kumpokea pale mlimani, kila alipokwenda alikuta jina lake limetangulia.

Siku Nkwabi alipokuwa anang'oa mabati, Mektilda alikwenda kumsaidia kushika ngazi.

"Ningekusikiliza kuhusu ile sauti ya simu," Nkwabi alisema kutoka juu, "ungekuwa bado unatafsiri. Usingekuwa chini ya turubai."

"Ningekuwa mlangoni kwako na uji. Nisingejua hata kwamba wanakimbia." Akampokea bati. "Usijipe ukubwa, Nkwabi. Aliyesema watu wasiitwe ni mmoja tu."

Sasa Mektilda anaishi Nyahanga, mjini Kahama, kwenye chumba kimoja na Rosemary. Asubuhi anauza mboga. Nkwabi amekodi chumba jirani, ametundika mablanketi ukutani kuzuia kelele, na wanarekodi filamu humo kwa ajili ya wauza video wa Shinyanga na Mwanza. Sauti ya Mektilda husikika kwenye vibanda asivyovijua. Kesi haijafutwa, ila haijasogea.

Jambo lililobaki lilikuwa mama mkwe. Yule bibi aliamini mwanawe alikwenda mara moja, kama Mabula alivyorudia kusema kaburini, na kila aliyekuja kumpa pole alimweleza hivyo. Mektilda alikaa na neno lile muda mrefu, akijiuliza kama kuna saa inayofaa kumwambia mama habari kama hiyo. Padri alimshauri amwache mzee na amani yake. Lakini alikuwa ameshaonja kufichwa, na hakutaka kumfanyia mwingine. Pasaka alipanda gari hadi Ushirombo. Wakiwa jikoni wawili tu, wakichambua maharage, alimwambia yote.

Bibi hakulia. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage mpaka ungo ukawa safi.

"Alikuwa anagonga kwa mkono," aliuliza, "au alikuwa na jiwe?"

Mektilda hakujua. Mageni alikuwa ameshahamia rashi nyingine, machimbo mapya yanayokimbiliwa na watu, upande wa Buseresere, na simu yake ilikuwa haipatikani.