Kahawa Tamu Balaa

Kibao kizima kilinigharimu shilingi elfu thelathini. Ubao, elfu kumi na sita. Herufi ishirini na nane kwa mia tano kila moja, elfu kumi na nne. Mchoraji alianzia mia saba. Nukta ya mwisho nilipewa kama nyongeza.

Shangazi yangu hukaanga kahawa ya kihambani kwake, shamba linalozunguka nyumba yake, kando ya njia wanayopita wageni wakienda kutazama maporomoko huko Marangu. Alitaka kuiuza kwa kikombe, aache kubembeleza wanunuzi wa magunia. Kiingereza akaniachia mimi, maana ndiye aliyenisomesha hadi kidato cha nne. Nilitaka kuandika kwamba kahawa yetu ni tamu balaa. Nikatafuta balaa kwenye kamusi, nikalifuata neno lake la Kiingereza hadi umbo lake refu kabisa, lenye mkia: "disastrously". Herufi kumi na mbili, nilizihesabu mara mbili. Neno la shilingi elfu sita, nikajua haliwezi kuwa na kasoro.

Wiki ya kwanza wageni walisimama, wakapiga picha, wakacheka, wakapita. Tuliuza vikombe viwili. Shangazi akaanza kuionja kahawa yake kwa mashaka.

Ndipo akapita jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kaandika hiki?"

"Mimi."

"Umeandika kwamba kahawa hii ni tamu kwa namna ya kuleta maangamizi. Neno hilo ni la mavuno yaliyoteketea, la daraja lililosombwa. Balaa letu linaweza kusifia hata pilau. La kwao halisifii kitu."

Shangazi akanigeukia. "Kwa hiyo nimekusomesha uje uwatangazie wageni kuwa nawaua."

"Si kuua, shangazi. Ni hasara kubwa tu."

"Hasara naiona, imekaa mbele yangu."

Kesho yake kijana anayetembeza wageni, aliyekwisha kuisikia habari hiyo, akawasimulia wateja wake jinsi balaa lilivyopotea njiani. Akaingia na sita. "Mama, hawa wanataka hilo balaa lenyewe." Tangu siku hiyo birika halifiki saa sita mchana.

Lakini kanisani kina mama wameanza kumwita Mama Balaa, naye anataka neno lifutwe, jina la kahawa yake lisafishwe. Akishasema hivyo, anasikia kicheko njiani na kuvuta benchi wageni wakae. Wewe unayekijua Kiingereza kunizidi, nishauri: nilifute, au niliache?