Baba wa Rubani Wangu

Wasomaji wangu hunisumbua kwa swali moja. Nimeandika vitabu viwili kuhusu msichana rubani anayeendesha chombo baina ya nyota, katika miaka ambayo sisi sote tutakuwa tumeshakufa. Baba yake ni kamanda wa jeshi, analinda kitu fulani kwenye mwezi mmoja wa mbali. Analinda nini? Hasemi. Binti amemuuliza kwa upole, amemuuliza kwa hasira, amemuuliza kwa machozi, na yule mzee anamjibu habari za vumbi na baridi. Basi watu wananisimamisha sokoni hapa Bariadi nikichagua nyanya: "Mwalimu, yule baba anaficha nini?" Nami nacheka, nawaambia wasubiri kitabu cha tatu. Uongo mtupu! Sikujua. Kitabu cha tatu kilikuwa kimekwama kwa sababu yule kamanda nilimchukua nyumbani kwetu mzimamzima, na baba yangu hakuwahi kuniambia kitu.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alikwenda vitani akiwa kijana, kabla sijazaliwa, akarudi, akaendelea na jeshi mpaka akastaafu. Akajenga Somanda, hapahapa Bariadi, si Mwamanyili, kijiji walikozikwa wazee wake. Ukimuuliza kwa nini hakujenga kwao, anakwambia udongo wa kule unapasua kuta. Kweli unapasua, lakini hata wa hapa unapasua, na nyumba yetu ina ufa unaoingia kidole.

Tulipokuwa wadogo tulipiga magoti kumwamkia asubuhi. "Mwangaluka, baba." Anaitikia vizuri sana. Anauliza nimelalaje, mama kaamkaje, ndama anaendeleaje, mvua imefika wapi. Salamu zetu Wasukuma ni ndefu, na mtu akitaka anaweza kuishi ndani yake bila kukwambia lolote. Baba aliishi humo. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Wangemwona huyu! Kaficha kila kitu na kazaa watoto, na wote tuna mdomo.

Sitasema kwamba ukimya wake ulinisikitisha. Ulinikasirisha. Nilipokuwa sekondari nilimwambia usoni kwamba naishi na mgeni, naye akaniuliza kama nimekula. Mama alinivuta jikoni akanifinya. "Mwache baba yako," alisema. Mama alikufa bila kuambiwa, na hilo nalo nilimhesabia baba.

Ndiyo maana nikaandika. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikua akisikiliza. Nilimsomea sura mpya jioni za likizo akichambua mchele, naye alikuwa mkali kuliko mhariri yeyote: hapa rubani hawezi kulia, mama, ana kazi. Nilifurahi, jamani. Nilijua nalea mtoto anayependa vitabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi sikuelewa methali hiyo mpaka alipomaliza kidato cha sita, akaenda mafunzo ya JKT kama wenzake, akarudi mwembamba na mweusi na ameshika kiuno, akasema amechaguliwa kuingia jeshini. Jeshini kabisa. Anakwenda.

"Huendi," nilimwambia. "Nimekulea uwe daktari."

"Umenilea niwe rubani, mama."

Ala!

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumzuia. Binti yangu anampenda babu yake kupita kiasi. Anamwita guku, kama tunavyowaita babu zetu kwa Kisukuma, na akisema guku uso wote unacheka. Nikamfuata baba zizini, maana bado anafuga ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Nikamwambia neno lako moja linatosha. Mwambie kule kukoje. Kama ni kuzuri, mwambie aende, nami nitanyamaza. Kama si kuzuri, mwambie asiende. Lakini sema, baba, safari hii sema.

Baba alikuwa anamkuna fahali shingoni. "Mwache aamue," alisema.

"Aamue kwa kujua nini?"

Akaniuliza kama nimeona mahindi ya jirani yalivyokauka. Niliondoka pale kwa hasira, nikawasemesha bodaboda barabarani vibaya wakati hawakunikosea chochote.

Hali ilikuwa hivyo mtani alipokuja. Huyu ni mzee wa Kizaramo, anatoka Pwani, alikuwa vitani pamoja na baba. Kila mwaka pamba ikishauzwa anapanda basi anakuja kukaa nasi siku kadhaa. Anachechemea, mguu wake mmoja haukunji. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Atakutukana mbele ya wageni, atamkamata kuku wako na kuagiza achinjwe, atalala juu ya kaburi msibani azuie mazishi mpaka apewe kitu, na wewe hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mshamba. Utani unajibiwa kwa utani, basi. Mimi ananiita mke wangu tangu nina miaka ya kuchunga mbuzi.

Na kila mwaka, akishafika, kabla hata hajapewa maji, husimama uani na kutangaza: "Jamani, Msukuma wenu huyu hajui kuchagua! Tulikuwa wawili tumelala chini, mmoja mzuri mmoja mbovu. Akamwacha mzuri, akabeba mbovu! Tazameni alichowaletea!" Anajipiga kifua. Sisi tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mama alikuwa anamjibu, "Kilichotuponza ni macho yake, hata mimi alinichagua hivyohivyo." Baba anatabasamu kidogo, halafu anakwenda kuangalia ng'ombe. Miaka yote hiyo. Nilikua nikisikia maneno hayo, nikazeeka nikiyasikia, na mimi ni mwandishi, kazi yangu ni kusikiliza watu. Sikuwahi kuyapima hata mara moja, kwa sababu maneno ya mtani hayapimwi.

Mwaka huo alisema vilevile. Tulikuwa uani mchana, mimi nimeweka michembe, yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye sinia, watu wa jirani wawili watatu wamekuja kumsalimia. Tukacheka. Binti yangu hakucheka. Amekulia shule za bweni, utani anaujua kwa kuusikia tu, na kosa alilofanya asingelifanya mtu aliyekua kijijini. Aliuliza swali.

"Na yule mzuri alikuwa nani?"

Mtu haulizi hivyo! Ni kama mtu akikwambia una kichwa cha boga wewe uulize ni boga la aina gani. Nilitaka kumkonyeza anyamaze. Lakini nilimwona mtani. Alikuwa ameacha kucheka, anamtazama baba, na baba anatazama chini.

"Mtoto ameuliza," mtani alisema. Sauti yake sikuitambua. "Mimi kazi yangu nimeifanya miaka yote. Sasa ameuliza."

Majirani ni watu wazima. Waliaga wakaondoka, michembe ikiwa bado mikononi.

Baba hakwenda kwa ng'ombe. Alivuta kigoda akakaa mbele ya binti yangu, si mbele yangu, na akamwambia. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayetoa ripoti. Walitumwa watatu kuangalia njia mbele. Bomu lilikuwa limefukiwa ardhini, likawapiga wawili miguu, yeye likamwacha. Adui alikuwa karibu. Angeweza kubeba mmoja. Mmoja alikuwa huyu mtani, mwepesi, ameshazimia. Mwingine alikuwa kijana wa Mwamanyili, pande la mtu, rafiki yake tangu wakichunga pamoja, waliingia jeshini siku moja.

"Huyu alikuwa kimya," baba alisema. "Yule wa kwetu alikuwa macho. Alikuwa ananiita kwa Kisukuma nisimwache. Nikambeba aliyenyamaza."

"Kwa sababu alikuwa mwepesi," binti yangu alisema.

"Kwa sababu ningefika naye."

Alirudi na wenzake baadaye wakamkuta yule kijana amekufa, na haikuwa mbali na pale alipomwacha. Alikuwa amejaribu kutambaa. Vita vilipokwisha baba alikwenda Mwamanyili kwa mama wa yule kijana, akapiga magoti, akamwambia alikufa palepale, hakuumia, hakusema neno. Na yule mama akamshukuru. "Wabheja, ng'wana wane." Asante, mwanangu. Kila alipokutana naye njiani, kisimani, msibani, alimshukuru tena kwa kumwambia. Baba alivumilia alivyoweza. Ndipo akajenga Somanda.

Mtani alikuwa analia waziwazi. "Kuna mtu lazima aseme," alituambia, kana kwamba tumemlaumu. "Nami mtani ndiye naruhusiwa. Nikasema kila mwaka, ili mradi limesemwa."

Na mimi? Nilitamani kumkumbatia baba na nilitamani kumpiga. Mama alicheka mzaha ule miaka yake yote! Nililia jikoni nikisonga ugali, ukaungua, tukaula hivyohivyo.

Lakini nitasema kweli yangu yote: ndani ya kilio kile nilikuwa na furaha. Nilijua nimeshinda. Hakuna mtoto mwenye akili angesikia habari ile na bado apange begi. Kesho yake asubuhi nilimkuta anapanga begi.

"Hukumsikia babu yako?"

"Nimemsikia, mama. Sasa najua nakokwenda. Ulitaka niende kipofu?"

"Nilitaka usiende!"

Alinishika mabega. Ameshakuwa mrefu kuliko mimi. "Guku ameishi," alisema. Nikamuuliza, hiyo anaita kuishi? Alikunja gwanda akaliweka juu ya mengine. Ukweli niliouomba tangu utoto ulikuja, nao haukunisaidia hata kidogo. Nilimsindikiza stendi, nikamnunulia maji na biskuti kama mtoto wa darasa la kwanza, na basi likaondoka.

Wasomaji bado wananiuliza kuhusu kamanda. Sasa najua analinda nini, na siwezi kuandika. Nikikaa mezani nasikia mtu anaita kwa Kisukuma.

Binti yangu alipiga simu karibu kila Jumapili. Mwanzoni alikuwa anasimulia: chakula, baridi, mkufunzi mkali, msichana wa Tanga anayekoroma. Baadaye simu zikawa fupi. Halafu zikakatika kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuota mambo ya ajabu. Alipopiga tena sauti yake ilikuwa imetulia, kavu kidogo, ya mtu mzima.

"Uko wapi?" nilimuuliza.

"Niko salama, mama. Hamjambo? Mvua imenyesha?"

"Mvua achana nayo. Uko wapi? Mmehamishwa? Umeumia?"

"Mahindi yameshikaje? Ng'ombe wa guku je?"

Akaniambia kwa upole kwamba yapo mambo hawezi kuyasema, nisiulize tena, tafadhali, na akaaga.

Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote, ameegemea fimbo. "Amesema yuko wapi?" aliuliza.

"Amesema hawezi kusema."

"Wapi, lakini? Upande gani? Yuko na nani?"

"Baba, hasemi."

Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemficha. "Mimi ni babu yake," alisema. "Mimi! Anifiche mimi? Mpigie tena. Mwambie ni mimi nauliza."

Jibu la kumrudishia nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelinoa tangu niko sekondari, nililiandika upya katika vitabu viwili, na sasa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu ananiomba nilitoe. Alikuwa mzee sana pale mlangoni. Nikapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena mbele yake, na tena, nikiwa nimeweka sauti ya juu ili asikie mwenyewe kwamba haipatikani.