Shuka Chini ya Theluji

Tangu theluji ya kwanza ianguke, Consorcia Palmares hakuwa akivuka kizingiti ila Jumapili, na hata Jumapili alitolewa kama mgonjwa wa kubebwa. Koti la mkwewe mwilini, blanketi juu ya koti, bintiye Marivic kamshika mkono huu, mkwewe Rodel kamshika ule, mpaka garini, mpaka kanisani, kisha nyumbani tena. Siku nyingine zote alikaa dirishani, kwenye ule mtaa wa nyumba za mbao kaskazini mwa Winnipeg, Kanada, akiuliza maswali.

Maswali yake hayakuwa na mwisho. Kwa nini magari yote yana waya unaoning'inia puani? Rodel akamweleza kwamba usiku gari huchomekwa kwenye umeme ili injini isigande.

"Kwa hiyo gari linalala na joto la umeme, mimi mkweo nalala na soksi?"

"Nay," Rodel akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "wewe una soksi jozi tatu."

"Gari lina ngapi?"

Kwa nini theluji inalia ukiikanyaga? Kwa nini ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinasimama kama sindano? Marivic, ambaye alirudi hoi kila siku kutoka kwenye makao ya wazee alikofanya kazi, alijibu aliyoyajua. Yaliyomshinda alisema tu, "Nanay, na mimi nilipofika niliuliza hivyohivyo. Nikachoka, nikaacha." Consing, ndivyo watu wote walivyomwita mama huyu, hakuwa mtu wa kuchoka kuuliza. Kilichomkalisha ndani kilikuwa kitu kingine, nacho ni pasma.

Maisha yake yote alikuwa dobi kule Jaro, mjini Iloilo, Ufilipino. Alifulia madaktari, walimu na kanisa, akapiga pasi hadi kola za paroko zikasimama zenyewe. Na kila dobi wa kwao anajua: mkono uliotoka kwenye pasi haugusi maji mpaka upoe, la sivyo joto na baridi vinakutana kwenye mishipa, mikono inaanza kutetemeka mpaka kaburini. Hiyo ndiyo pasma. Yeye mwenyewe aliipata akiwa msichana, siku moja ya haraka, na mpaka leo kikombe mkononi mwake hakitulii. Sasa tazama mambo ya nchi hii: ndani joto la tanuri, nje baridi ya mochari, na katikati mlango mmoja tu. Mtu anayetoka humu kwenda kule, aliona Consing, anaufuata ugonjwa kwa miguu yake mwenyewe.

Tena alikuwa ameshatoa neno. Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Rodel, aliteleza kwenye ngazi za mbele akiwa na bakuli kubwa la tambi, akaanguka matako chini mbele ya wageni, na tambi zikammwagikia begani. Aliinuka amefura kwa hasira. "Februari ikiisha naondoka!" akasema mbele ya wote. "Machi ikinikuta hapa, niiteni mwongo." Wageni walicheka. Marivic hakucheka, maana alimjua mama yake. Huyu ndiye aliyemwambia mke wa hakimu kwamba hatafua tena nguo zake, na hakufua, hata mke wa hakimu alipokuja mwenyewe mlangoni na keki.

Basi hapo ndipo mambo yalipomkalia vibaya, kwa sababu Januari ilipofika Consing hakutaka tena kuondoka. Si kwamba aliipenda baridi, la hasha. Lakini Jaro hakukuwa na anayemsubiri ila kufuli. Mumewe Ponso alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Hapa, kila jioni, alisikia mlango ukifunguka, mabuti yakitupwa ukumbini, na sauti ya bintiye: "Nay, umeshakula?" Alitaka kuisikia sauti hiyo siku zote zilizombakia. Lakini maneno yale ya Novemba angeyameza vipi, na watu wote walisikia? Naye Marivic hakumwomba abaki, hata mara moja. Consing aliliona hilo, likamuuma.

Ndipo siku moja, jua limetoka na baridi ya kukata masikio, alipomwona jirani wa nyuma akitoka na kapu la nguo mbichi.

Jirani huyo aliitwa Paraska Hnatiuk, mjane mnene mwenye kilemba cha maua, mzaliwa wa hapohapo, ingawa wazazi wake walitoka Ukraine. Aliweka kapu juu ya theluji, akaanza kuanika. Mashati, mashuka, na chupi ndefu za sufu. Mvuke ulitoka kwenye nguo, kisha ukakoma.

"Rodel! Njoo upesi! Yule bibi amerukwa na akili."

Rodel alichungulia. "Anaanika nguo tu, Nay."

"Kuanika nakuona. Nauliza, zinakauka?"

"Sijui."

"Umekaa hapa miaka minane, hujui kama nguo zinakauka?"

"Sisi tuna mashine ya kukaushia."

Consing alimtazama mkwewe kwa huruma, akageukia dirisha. Siku hiyo hakuondoka pale. Nguo ziligeuka mbao. Shati lilisimama mikono wazi, chupi ndefu ikawa kama mtu asiye na kiwiliwili anayesubiri basi. Alasiri Paraska alikuja kuanua, akabeba suruali kwapani kama ubao wa kitanda. Dobi wa miaka yote hiyo, na hajawahi kuona jambo kama hilo! Alikosa hamu ya chakula. Zilikuwa zimekauka, au zimeganda? Na kama zimeganda, yule bibi anazianua za nini?

Kesho yake alasiri alikuwa akipiga pasi sare za Marivic wakati kile kilemba cha maua kilipotokea tena uani kuanua nguo za siku hiyo. Consing akaweka pasi. Alijua vizuri kwamba mikono yake ina moto. Alisimama mlangoni, akajiombea kidogo, akaificha mikono kwapani ndani ya koti la Rodel, akajikaza kisabuni, akatoka.

"Hatimaye!" Paraska akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua wa mbao. "Nilidhani wamekufungia."

"Nimekuja kuuliza," Consing akasema kwa Kiingereza chake cha shule, meno yakigongana. "Hizi zinakauka?"

"Unafikiri nazianika ili zipate upepo? Pita huku. Kile kijilango hakina kufuli."

Alipita. Akatoa kidole kimoja kwapani, akagonga shati. Lilitoa mlio kama mlango. Paraska alimwonyesha: chini ya glavu za mpira kuna glavu za sufu, na kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia kuna konzi ya chumvi, ili nguo isishikane na kamba. Kisha wakabeba mbao zao mpaka jikoni kwake, wakaziegemeza kwenye viti. Consing hakupepesa macho. Shati lililegea mabega, likajiinamia, likakaa kwenye kiti kama mzee aliyetoka safari. Akalishika. Lilikuwa na unyevu kidogo tu, kama nguo inayongoja pasi. Akalinusa. Halikunuka sabuni wala moshi wala jikoni. Lilikuwa na harufu asiyowahi kuikuta kwenye nguo yoyote, safi kupita kiasi.

"Maji yamekwenda wapi?"

"Hewa imeyachukua."

"Yakiwa barafu? Bila kuwa maji kwanza?"

"Bila. Usiniulize zaidi, hata mama yangu hakujua. Unakula maandazi ya viazi ya kuchemsha?"

Alikula, na akakuta hayakupishana sana na vile vidonge vya nyama ndani ya unga wanavyopika Molo, jirani na kwao, ila ndani yake kulikuwa na viazi. Jioni akaitazama mikono yake mbele ya taa. Ilitetemeka kama jana, si zaidi. Aliichunguza tena baada ya chakula, na tena kabla ya kulala, akiwa karibu kukasirika kwamba haijaharibika.

Kuanzia hapo ile mashine ya kukaushia ikapata likizo. Rodel alilalamika kwamba suruali yake ya kazi ilimpiga usoni mlangoni. "Umesimama njiani kwake," Consing akamjibu. Kila asubuhi yenye jua alitoka na kapu, na juu ya ua alizungumza na Paraska, ambaye alimfundisha kukanyaga barafu kwa unyayo mzima, kama bata. Marivic aliwatazama kupitia dirishani akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi, akatabasamu. Nayo Februari ikawa inakwenda.

Siku zilipobaki chache, Consing alitoa sandukuni shuka lake la ndoa, jeupe, lenye maua aliyoyadarizi mama yake Ponso pembeni. Lilikuwa limeota manjano. Kwao nguo nyeupe iliyofifia hupakwa sabuni, ikatandazwa juu ya majani palipo na jua, mpaka jua liile ile manjano. Akatazama nje. Jua lilikuwa linawaka hata macho yanauma, na ardhi nzima nyeupe, safi, imelirudisha jua juu maradufu. Ni majani gani ya Jaro yaliwahi kung'aa hivi? Alilipaka shuka sabuni, akalibeba likichuruzika, akalitandaza juu ya theluji katikati ya uwanja wa nyuma, akalinyoosha kila pembe, akaingia ndani ameridhika.

Jioni likaja wingu, na usiku theluji ikamwagika kana kwamba kuna mtu aliyepasua gunia. Asubuhi uwanja ulikuwa tambarare, na shuka halionekani.

"Uliliweka wapi, Nay?" Marivic akauliza.

"Pale chini."

"Chini ya nini?"

"Chini tu! Juu ya theluji!"

Walifukua. Wakaupata upindo mmoja wenye maua, na shuka lenyewe limegandana na barafu kama limemiminwa humo pamoja nayo. Consing akavuta.

"Nay, acha, litachanika!"

Upande wa pili wa ua Paraska alicheka mpaka akaketi juu ya kapu lake. "Nimezaliwa hapa," akasema akifuta machozi, "sijapata kuona mtu analilalisha shuka kwenye theluji!"

Waliporudi ndani, birika lilikuwa linachemka jikoni, likipiga mluzi. Consing akalitazama. Maji ya moto kidogo, mabirika matatu au manne, ukianzia pembeni kwa subira, na shuka lingetoka zima kabla ya mchana. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akaliangalia birika, akaangalia dirisha, moyo ukimwenda mbio kama wa mwizi. Marivic alikwenda, akalizima.

"Nimesema naondoka, na naondoka," Consing akatangaza, huku amekitazama kiti. "Lakini shuka la baba yako siliachi hapa. Likitoka, na mimi natoka."

"Sawa, Nay," Marivic akasema. "Tutasubiri liyeyuke."

Machi ikaja ikamkuta, na hakuna aliyemwita mwongo, maana sababu ilikuwa ya haki na kila mtu kanisani alikuwa ameshasimuliwa.

Aprili maji yakaanza kutiririka mitaroni. Rodel akaacha kuchomeka gari. Uwanja wa Paraska ukatoa majani ya kahawia, na wa kwao vilevile, isipokuwa mahali pamoja. Katikati, pale penye shuka, kilima cha theluji kilisimama hadi magotini, na siku zikapita hakipungui. Consing alikizunguka asubuhi moja, mikono kiunoni. Hapakuwa na kivuli. Jua ni lilelile moja. Kwa nini pengine pote pameisha, hapa tu pamebaki? Akachukua koleo, akakata kipande ubavuni.

Dobi anajua uchafu ulikotoka. Ndani ya theluji ile mlikuwa na mchanga wa rangi ya kutu, ule ambao Rodel hunyunyiza kwenye ngazi za mbele ili watu wasiteleze. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka. Mchanga wa mbele ya nyumba unafuata nini uani?

"Rodel!"

Rodel akainua mikono miwili. "Si mimi, Nay. Naapa."

Marivic alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za kazi, hajavua mabuti.

"Ni mimi," akasema. "Kila nikirudi kutoka zamu nilileta theluji kidogo ya mbele ya nyumba kwa toroli. Asubuhi ile niliona ulivyoliangalia birika. Nikasema, akilimimina tu, nimempoteza. Sikutaka kukuomba ubaki mahali panapokutesa. Nilitaka tu… lisiyeyuke upesi."

Machozi yakamtoka Consing pale pale, hakuyaficha.

"Mjinga wewe," akasema. "Nimefua maisha yangu yote. Unadhani sijui maji ya moto yanafanya nini kwenye barafu?"

Consing akafuta uso kwa kiganja, akakizunguka kile kilima mara moja zaidi akikikagua kama anavyokagua kola, akasimama upande wa jua, akamkabidhi bintiye koleo.

"Huku pamepungua," akasema. "Ongeza."