Kilio cha Kuazima

Kazini walimwita Bi Masikio, na yeye hakukasirika, maana hakuna jina ambalo lingemfaa zaidi. Tangu usichana wake alikaa chumba cha nyuma cha taasisi, hedifoni kichwani, akisikiliza kanda za watu wakilia misibani. Watu wa milimani, wa visiwani, wa nchi za theluji. Wengi wao nao walishakufa zamani. Lugha zao hakuzijua. Kazi yake ilikuwa kuandika sauti inapanda wapi, inakatika wapi, pumzi inavutwa vipi, ili Profesa alinganishe: je, binadamu wote hulia namna moja? Swali la mtu aliyeshiba, lakini mshahara ulikuja.

Ubaya ni kwamba vilio havikubaki ofisini. Akipiga pasi, anamsikia mzee fulani wa visiwani. Akimenya vitunguu, huyu hapa mama wa theluji, yule anayeshusha sauti ngazi tatu kisha anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mumewe, fundi wa mafriji, alishamzoea.

"Leo umekuja na wangapi?" humwuliza akimfungulia mlango. "Waambie chakula hakitoshi."

Mume akicheka, wale wote hunyamaza. Alimpenda hata kwa hilo.

Kisha mume akaanguka karakanani, asiamke tena.

Nyumba ilijaa. Bi Masikio alikaa sakafuni kati ya wanawake, macho makavu, na minong'ono ikaanza. Wifi yake, dada pekee wa marehemu, akamsogelea.

"Wifi, lia basi. Watu wanakuangalia."

Akafumbua kinywa. Kikatoka kilio cha mama wa theluji, ngazi tatu na pumzi yake, kizima kizima. Akakikatisha, akajaribu tena. Akaja mzee wa visiwani. Kila alipochimba ndani yake alikuta mgeni amekaa. Watu waliguswa, wakamwitikia, na wifi akakishika kile cha ngazi tatu kana kwamba amezaliwa nacho. Bi Masikio peke yake ndiye aliyejua. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye alijiona amemzika mumewe uchi.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: kumlilia mumewe kwa sauti yake mwenyewe, hata mara moja. Alijaribu bafuni, maji yakimwagika. Wakaja wale wale. Na sasa hapakuwa na wa kuwanyamazisha.

Mwaka uliofuata Profesa aliingia chumba cha nyuma nusura akimbie. Mtafiti wake alikuwa amerudi na kanda kutoka mji mdogo wa mbali.

"Sikiliza hii, Bi Masikio. Nchi ya theluji na huku kwetu, bahari na bahari katikati, na kilio ni kimoja. Kimoja kabisa. Maisha yangu yote nilikuwa nakitafuta hiki."

Akavaa hedifoni. Ngazi tatu, pumzi. Mji ule ndiko alikoolewa wifi yake. Sauti ilikuwa ya wifi, na nyuma yake wanawake wa huko walikuwa wameshajifunza. Bi Masikio akamgeukia Profesa amwambie kwamba hayo ni makosa, kwamba kilio hicho alikileta yeye. Kabla hajasema, wifi akaacha kulia, akaongea kawaida tu, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili:

"Kaka, friji langu limeharibika tena. Sasa nimwite nani?"

Hapo kitu kikamtoka Bi Masikio. Profesa alirudi nyuma mpaka ukutani. Wafanyakazi wakajaa mlangoni, na ofisi nzima ikasikia kilio ambacho hakikuwa kwenye kanda yoyote. Yeye mwenyewe hakukisikia. Masikio yalikuwa yamezibwa, na ndani ya hedifoni wifi alikuwa ameanza tena, ngazi ya kwanza.