Mshono wa Kiraka Cheupe

Harufu ya kitambaa chenye unyevu kikipigwa pasi ya makaa hunirudisha kijijini kwetu Gakindu hata leo, ingawa nyumbani kwangu mjini Nyeri natumia pasi ya stima. Nikiisikia kwa jirani, huwa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo nilikuwa karibu kupelekwa shule ya bweni, na Mama alikuwa akinishonea blanketi la viraka kutokana na nguo kuukuu za nyumbani. Kazi ya kupiga mishono pasi aliniachia mimi, kwa sharti moja. "Hiyo mshono ilale upande ya kitambaa nyeusi," aliniambia. "Usiifungue, Wangui. Hata kidogo." Hakusema kwa nini.

Nami nilikuwa mjuaji. Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa ametufundisha kwamba mshono ukifunguliwa kwa pasi bila kufumuliwa, ukingo mmoja huku na mwingine kule, kitambaa hulala vizuri bila kuvimba. Basi Mama alipopeleka kahawa kiwandani, nilipuliza makaa nikaanza kuifungua mishono yake mmoja mmoja. Msinicheke, nilidhani atarudi anisifu.

Nilipofungua mshono wa kiraka cheupe cha katikati, niliona ukingo wake, uliokuwa upindo wa kigauni kidogo sana, umetarizwa herufi ndogo kwa uzi mwekundu. Nikazisoma kwa sauti: Wanjiku. Nilipogeuza, wekundu ule ulionekana hata upande wa mbele, maana kitambaa kilikuwa chepesi.

Wanjiku lilikuwa jina la mama yake Baba, ambaye nilimwita Cucu. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina hilo, na wa pili ndiye hupewa la mama yake mama. Mimi, niliyejijua kuwa kifungua mimba, nilikuwa na jina la mama yake Mama. Wageni walipouliza sababu, Mama aliwaongezea chai, nami nilikuwa nimeshaamua kwamba yeye na Cucu Wanjiku hawapikiki chungu kimoja.

Mama alinikuta blanketi likiwa limetandazwa mezani.

"Mama, kwani Cucu alikuwa anavaa nguo ndogo hivi?"

Alikaa kitako sakafuni, kikapu chake cha kiondo kikiwa bado mgongoni.

"Hiyo si ya cucu wako. Ni ya dada yako. Alizaliwa mbele yako. Homa ilimchukua hata kabla atembee."

Niliganda. Dada! Mimi! Kilichotuzindua ni moshi: nilikuwa nimeisahau pasi juu ya kitambaa cheusi kilichopakana na kile cheupe, na kilikuwa kimetoboka.

Hakunipiga. Alifumua kile kilichoungua, akashona kingine mahali pake, akanisogezea pasi.

"Nilaze upande gani?" nilimuuliza kwa woga.

Alikipapasa kile kiraka cheupe. "Hiyo wacha ifunguke."

Nilidhani amechoka kunikataza. Nililala chini ya jina lile miaka yote ya bweni, na nilipozaa mwenyewe ndipo nilipoelewa. Alikuwa amemshona Wanjiku ndani ya blanketi ili nisiende peke yangu, akamficha ili nisibebe majonzi yake. Na tangu mazishi, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amemuuliza Mama habari za mtoto wake. Mimi nilimuuliza bila kujua, na kumbe alikuwa akingoja kuulizwa.