Aliuza kahawa, akanunua mashua, nyumba ikabaki ya nyasi

Saa mbili asubuhi, ufukweni Liuli. Fundi Romanus Kinunda amelala chali chini ya mashua iliyopandishwa juu ya mawe, anachokonoa kwa ncha ya msumari pamba iliyobana katikati ya mbao. Kila akivuta kipande, vumbi la lami linamwangukia usoni. Anafumba jicho moja, anaendelea.

"Pamba hii niliisokomeza mwenyewe kwa nyundo," anasema. "Na ninaichomoa mwenyewe. Basi, ndiyo kazi yangu ya mwaka huu."

Wanawake wawili wanaotoka kuosha vyombo ziwani wanapita karibu.

"Fundi, mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado amelazwa," anajibu, na wanawake wanaondoka wakicheka. Yeye hacheki. Utani huo ameusikia mwaka mzima na umemchosha.

Mashua yenyewe si ya kuvulia, wala si ya kubebea mzigo. Ni ya kutembea tu, ya mtu aliyeshiba Jumapili akataka kupunga upepo. Ina viti viwili vya mbao na rangi ya bluu iliyobanduka. Kwa watu wa Liuli chombo cha majini ni kama jembe kwa mkulima, na hawajaelewa bado. Nani ananunua jembe la kutembelea?

Romanus, mwenye miaka 47, si mtu wa ziwa. Ni Mmatengo wa Maguu, huko juu kwenye baridi na kahawa, na karakana yake iko Mbinga mjini, nyuma ya soko. Anatengeneza milango, vitanda na majeneza. Milango yake inasifiwa sana: ukishaifunga, hata moshi haupenyi. Ufundi huohuo ndio uliomponza.

Mambo yalianza mwaka jana, 1995, bei ya kahawa ilipopanda. Wanunuzi binafsi walikuwa wamekwisha kuruhusiwa, wakawa wanapandisha magari hadi mlangoni kwa mkulima, fedha mkononi. Watu walichangamka. Huyu kanunua redio, yule baiskeli, na kila aliyebaki alizungumzia bati. Romanus ana miti ya kahawa mia sita aliyorithi kwa baba yake. Yeye na mkewe, Edina, waliafikiana kwamba fedha ya msimu ule ni ya bati, kwa sababu nyumba yao ya nyasi pembeni mwa mji ilikuwa inavuja hadi kitandani.

"Tulikubaliana kabisa," anasema Edina. "Akaaga anakwenda kununua bati. Jioni akarudi na mashua!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mhandisi mmoja Mzungu, aliyekuwa anamaliza mkataba wake wa barabara, alikuwa anauza vitu vyake vyote. Friji ilikwenda, makochi yakaenda, mashua ikabaki. Ilikuwa imekaa bandani miaka sita bila kuguswa na maji.

"Alianza na laki mbili," anakumbuka Romanus. "Nikamwambia, bwana, huku mlimani utamuuzia nani? Tukashushana mpaka elfu themanini. Nikaona nimeokota."

Vijana waliisukuma juu ya tela lake hadi nyumbani, mtaa mzima ukifuata nyuma kama harusi. Edina alipoiona aliingia ndani akafunga mlango.

"Nililia," anasema. "Na wala haikuwa furaha, usije ukaandika furaha."

Kwa nini mashua? Romanus anatoka chini yake, anakaa juu ya jiwe na kujifuta uso.

"Huyu mama ni Mnyasa, nimemtoa hapa akiwa msichana," anasema. "Miaka ishirini na mbili yuko na mimi kwenye baridi. Tukija kusalimia kwao, jioni anakaa ufukweni peke yake, anaangalia maji. Simuulizi, lakini namwona. Na mimi kazi yangu ni milango na majeneza. Nikasema, Mungu wangu, nitengeneze japo kitu kimoja ambacho mtu atakipanda akicheka."

Mwenye fedha kidogo akinunua chombo cha starehe, bei ya kununulia ni mwanzo tu. Romanus hakulijua hilo. Lori la kuishusha mashua kutoka Mbinga hadi Liuli, kwenye kona zile zinazotembeza tumbo, lilimla karibu bei ya mashua yenyewe. Makasia aliyachonga mwenyewe. Lami aliipata kwa watu wa barabara. Rangi alikopa.

Kabla ya kuishusha aliikagua kwa jicho la fundi milango. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, kidole kinapita. Akafanya anachofanya kwenye mlango: akajaza. Wiki nzima alikuwa anasokomeza pamba na lami, nyundo juu ya nyundo, mpaka kila ufa ukakaza. Akamwaga debe la maji ndani kujaribu. Halikupita hata tone.

Mashua iliingia ziwani Jumamosi moja ya Oktoba, mbele ya ukoo mzima wa mkewe. Ilielea vizuri, kavu kabisa. Wazee walimpa mkono mkwe wao. Safari ya kwanza ilipangwa iwe kesho yake baada ya ibada, Edina akalie kiti cha mbele.

Walipotoka kanisani waliikuta imejaa maji hadi kwenye viti. Usiku mbao zilikuwa zimekunywa maji na kuvimba, na kwa kuwa kila nafasi ilikuwa imejazwa pamba, hazikuwa na pa kwenda. Zikasukumana. Mbao mbili zilikuwa zimefyatuka na mbavu tatu kupasuka.

Hapa Liuli jambo hilo halihitaji shule. Chombo kilichokaa nchi kavu hakizibwi kwanza. Kinalazwa kwenye maji ya magotini, kinapakiwa mawe, kinaachwa kimezama siku kadhaa mpaka mbao zifumbe zenyewe. Kuziba kunafuata baadaye, tena kidogo. Meshack, kaka yake Edina, ni mvuvi, na siku ile alikuwapo. Alikuwa ameigusa ile pamba kwa kidole, akajua.

Kwa nini basi alinyamaza?

"Ah, ndugu mwandishi," anasema Meshack, akitazama pembeni. "Shemeji amekuja na kazi yake, ni fundi, wazee wamesimama wanamsifu. Mimi nimsahihishe mbele ya wakwe zake? Ningemvunjia heshima."

"Na mimi nilimwona ameishika, hakusema kitu," anadakia Romanus. "Nikaona aibu kumuuliza. Angesema nimeoa kwao miaka yote hii na sijui kitu."

Edina, ambaye amerudi na sufuria ya uji, anawatazama wote wawili.

"Mlistahiana," anasema, "mpaka mashua ikazama."

Tangu siku hiyo Romanus hushuka Liuli kila mwezi, juu ya magunia kwenye lori, na misumeno yake kwenye kikapu. Ameshabadili mbavu zote tatu na kurudishia mbao mbili. Akiwa huku, wateja wa Mbinga wanakwenda kwa fundi mwingine. Kahawa nayo imeshuka bei, na wanunuzi waliokuwa wakigombania milango ya wakulima msimu ule sasa wanasubiriwa barabarani. Mvua za mwaka jana zilipita juu ya nyasi zilezile. Za mwaka huu ziko njiani.

"Nimechoka," anasema, na mtu humwamini bila ushahidi. "Mgongo umechoka, mfuko umechoka. Hata kusema nimechoka nimechoka."

Ndipo anapoingia katika habari hii Nurdini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbamba Bay, ambaye pia ananunua usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye vijiji ambavyo gari halifiki. Anaitaka mashua kwa kubebea mzigo huo, na anaichukua hivyohivyo ilivyo. Atawapa bati za nyumba nzima na misumari yake. Lakini anataka jibu kabla ya mwisho wa wiki hii, la sivyo anatafuta nyingine.

Romanus amekwisha kuamua. Anamgeukia mkewe na kulisema jibu lake mbele ya mwandishi, pengine ili asipate nafasi ya kulibadili.

"Mama, mpelekee Nurdini salamu, aje aichukue leo. Ulisema bati, haya, chukua bati. Ulikuwa na haki tangu mwanzo."

Edina anaweka sufuria chini.

"Leo? Thubutu! Mwaka mzima nimenyeshewa kwa ajili ya mashua hii. Nimechekwa sokoni, kanisani, mpaka kisimani. Halafu ipandwe na usipa kabla yangu mimi?"

Meshack anainama, akichezea mchanga kwa kidole cha mguu.

"Bati nazitaka," anaendelea mama huyo. "Nurdini nitamfuata mwenyewe, atangoja mpaka wiki ijayo, na akikataa mwache aende. Leo mnailaza majini, nyote wawili, na safari hii mwenye neno aliseme. Wiki ijayo nakwenda nayo mpaka lile jiwe la Pomonda pale ziwani na kurudi. Nikirudi, iuzwe."

Mpango ndio huo sasa. Kabla ya adhuhuri mashua imelazwa kwenye maji ya magotini, na shemeji wawili wanapakia mawe. Maji yanaingia kwa kila ufa. Mawe yakishatosha, Romanus anasimama pembeni, suruali imekunjwa, maji hayajamfika hata kwenye goti. Mwandishi anamuuliza kama atampeleka mkewe yeye mwenyewe hadi Pomonda.

"Sijui kuogelea," anasema kwa sauti ya chini. "Majini sijawahi kupanda kitu chochote. Naogopa sana."

Edina amesikia. Ameingia tayari ndani ya mashua iliyozama, amekaa kwenye kiti cha mbele, maji kiunoni, kitenge kinaelea.

"Kasia nitapiga mimi," anasema. "Yeye atakaa katikati, afumbe macho, anishike."